Nani Mwenye Dawa? Historia ya Dawa Moja ya Saratani na Mafunzo Yake kwa Wanyonge

Kada yeyote aliyepata kushika kazi katika tawi anaijua karatasi ya michango. Huanza kupitishwa siku mgonjwa anaporudi kutoka hospitali ya rufaa na jina la dawa ambayo stoo ya hospitali haina. Jirani anaandika elfu mbili, mwalimu elfu tano, mwenyekiti wa mtaa elfu kumi. Ng'ombe anauzwa, halafu kipande cha shamba. Mara nyingi fedha zinazopatikana hutosha dawa ya miezi miwili, na dawa yenyewe hutakiwa kumezwa kwa miaka. Karatasi ile ni ushahidi wa utu wa watu wetu. Lakini ni ushahidi pia wa jambo la pili: kwamba mahali palipopaswa kuwa na mpango wa jamii pamebaki huruma ya mtu mmoja mmoja.

Katika madarasa yetu ya itikadi swali huulizwa: je, dawa za saratani ni ghali kwa sababu ni ngumu kutengeneza? Na kama ni ghali, taifa maskini lifanye nini zaidi ya kuomba? Makala haya yanajaribu kujibu maswali hayo kwa njia ya historia. Tumechagua dawa moja, imatinibu, inayotibu aina moja ya saratani ya damu, kwa sababu safari yake inajulikana vizuri tangu maabara hadi mahakamani. Tutaona kuwa dawa mpya hupita milango mitatu kabla ya kufika kinywani mwa mgonjwa: mlango wa uvumbuzi, mlango wa utengenezaji na mlango wa ununuzi. Kwenye kila mlango hapana budi tuulize: nani analipa, na nani anaamua? Maana taifa linaloshika mlango mmoja na kuiacha mingine halijaipata dawa bado.

Mlango wa kwanza: uvumbuzi

Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waligundua kuwa chembe hai za damu za wagonjwa wa saratani hiyo zina kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha sababu yake: vipande vya kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, vimebadilishana mahali. Katika miaka ya 1980 watafiti wa vyuo mbalimbali waliitambua protini mbovu inayozaliwa na mabadilishano hayo, ambayo huziamuru chembe za damu zizaliane bila kukoma. Kazi hii yote ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Sehemu yake kubwa ililipiwa na fedha za umma, na matokeo yake yalichapishwa wazi ili kila mtafiti wa dunia ayasome.

Ndipo wanakemia wa kampuni ya Ciba-Geigy, katika mji wa Basel nchini Uswisi, walipotengeneza kitu kinachoizuia protini ile. Daktari Brian Druker, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, alikijaribu kwenye chembe za wagonjwa na akashikilia kwamba kipelekwe kwa binadamu. Fedha za maabara ya Druker zilitoka zaidi kwenye taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani na kwenye chama cha hisani cha wagonjwa wa saratani za damu. Mwaka 1996 Ciba-Geigy iliungana na Sandoz na kuzaliwa Novartis. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 1998. Katika jaribio la kwanza, miongoni mwa wagonjwa 54 waliopewa dozi ya kutosha, 53 damu yao ilirudi katika hesabu ya kawaida. Tarehe 10 Mei 2001 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo, ikauzwa kwa jina la Glivec.

Tuseme kweli. Wanakemia wa Basel walifanya kazi halisi, na kampuni ilitumia fedha zake katika kutengeneza na kujaribu. Mjamaa hapuuzi kazi ya mtu yeyote. Lakini hesabu ya haki ingeuliza: katika jengo hili lililojengwa na wengi kwa miaka arobaini, ni nani aliyepewa ufunguo? Jibu ni kwamba ufunguo wote ulikabidhiwa kwa yule aliyefika mwishoni. Nchini Marekani, mwaka 2001, dawa ya mwaka mmoja iliuzwa kwa takriban dola 26,000. Ilipofika mwaka 2012 bei ilikuwa karibu dola 92,000. Kidonge kilikuwa kile kile, na gharama ya kukitengeneza haikuongezeka mara tatu. Mwaka 2013 madaktari zaidi ya 100 wa saratani hiyo, kutoka nchi mbalimbali, waliandika kwa pamoja katika jarida la kitabibu la Blood kulalamikia bei za dawa ambazo wao wenyewe ndio wanaowaandikia wagonjwa. Hawa hawakuwa wajamaa. Walikuwa waganga waliochoka kuona wagonjwa wakishindwa kulipa.

Hapa tunauona mkinzano mkubwa wa ubepari ukiwa uchi: ujuzi huzalishwa na jamii nzima, lakini humilikiwa na wachache. Na chombo kinachofanya umilikaji huo uwezekane kinaitwa hataza, yaani hati ya serikali inayompa mtu haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza uvumbuzi kwa muda fulani, ambao siku hizi ni miaka 20. Bei haipangwi na ugumu wa kazi. Hupangwa na haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze.

Mlango wa pili: utengenezaji

Taifa lililoielewa siri hiyo mapema ni India. Waingereza waliwaachia Wahindi sheria ya hataza ya mwaka 1911, iliyotungwa kulinda viwanda vya mtawala. Baada ya uhuru wa mwaka 1947 serikali iliunda kamati mbili kuichunguza. Ripoti ya Jaji Rajagopala Ayyangar ya mwaka 1959 ilionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya hataza zilizosajiliwa India zilishikwa na wageni, nao hawakuzitumia kuzalisha nchini bali kulinda soko lao. Huo ndio uhuru wa bendera: taifa lina wimbo wake, lakini halina ruhusa ya kutengeneza kidonge chake.

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1970 na kuanza kutumika Aprili 1972. Kwa upande wa dawa ilisema jambo rahisi: hataza haitatolewa kwa dawa yenyewe, itatolewa kwa njia ya kuitengeneza tu, tena kwa miaka michache. Atakayeipata njia nyingine ya kuitengeneza dawa ile ile yu huru kuitengeneza.

Lakini sheria haitengenezi dawa. Kabla yake India ilikwisha kujenga viwanda vya umma. Kiwanda cha Hindustan Antibiotics kilianzishwa Pimpri mwaka 1954. Shirika la dawa la taifa, IDPL, liliundwa mwaka 1961 kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, likajenga viwanda Rishikesh na Hyderabad. Humo walifundishwa wanakemia na mafundi ambao baadaye walifungua makampuni yao wenyewe. Kwa hiyo wale wanaosifu sekta binafsi ya dawa ya India wakumbuke kuwa mche wake uliatikwa katika kitalu cha umma, kwa jasho la wakulima na wafanyakazi wa Kihindi. Wala tusiwageuze mabepari wa Kihindi kuwa malaika. Wao pia hutafuta faida. Tofauti ni kwamba sheria iliwalazimisha kuitafuta kwa kushindana, na mashindano yakashusha bei.

Mabeberu hawakulala. Tarehe 1 Januari 1995 Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi, na ndani yake mkataba unaozitaka nchi wanachama zitoe hataza kwa bidhaa za kila aina, dawa zikiwemo. India ilipewa muda hadi tarehe 1 Januari 2005. Mwaka huo serikali ya mseto mjini New Delhi ilitegemea kura za vyama vya mrengo wa kushoto bungeni, na vyama hivyo vilikataa kupitisha sheria mpya bila kinga kwa wananchi. Moja ya kinga zilizopatikana ni kifungu cha 3(d): umbo jipya la kitu kinachojulikana tayari halistahili hataza mpya, isipokuwa limethibitika kuwa na nguvu zaidi ya kutibu. Kwa maneno mengine, kubadili kanzu si kuwa mtu mpya.

Imatinibu ilikuwa kipimo cha kwanza kikubwa cha kifungu hicho. Novartis ilikuwa imeomba mwaka 1998 hataza ya umbo moja la fuwele la dawa hiyo. Mwaka 2003 ilipewa haki ya muda ya kuuza peke yake, na baadhi ya viwanda vya India vikazuiwa na mahakama kuuza dawa zao. Chama cha kuwasaidia wagonjwa wa saratani kilisimama pamoja na watengenezaji kupinga ombi hilo. Januari 2006 ofisi ya hataza ya Chennai ililikataa. Kampuni ikaishtaki sheria yenyewe katika Mahakama Kuu ya Madras, ikashindwa mwaka 2007. Mwaka 2009 baraza la rufaa za hataza liliikatalia tena. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India, kwa hukumu ya majaji Aftab Alam na Ranjana Prakash Desai, ilifunga mjadala: hataza haitatolewa. Wakati huo dawa ya kampuni iliuzwa kwa takriban rupia 120,000 kwa mwezi, na ile ya viwanda vya India kwa rupia 8,000 hadi 10,000.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, Machi 2012, India ilikuwa imetumia silaha nyingine, yaani leseni ya lazima. Dawa ya saratani ya ini na figo iitwayo sorafenibu ilikuwa na hataza halali ya Bayer, na bei yake ilizidi rupia 280,000 kwa mwezi. Serikali iliiruhusu kampuni ya Natco kuitengeneza na kuiuza kwa rupia 8,800, huku ikimlipa mwenye hataza asilimia 6 ya mauzo. Mwenye hataza hakunyang'anywa malipo. Alinyang'anywa uwezo wa kumwacha mgonjwa afe kwa sababu ya bei.

Hisani na haki

Katika kesi ile kampuni ilijitetea kwamba wagonjwa wengi sana wa India walikuwa wakipewa Glivec bure kupitia mpango wake wa hisani. Mpango huo ulikuwapo kweli na ulifika nchi nyingi. Hatuna ruhusa ya kumbeza mgonjwa aliyeishi kwa dawa hiyo, wala daktari aliyemwandikisha. Mtu anayezama hamwulizi mwokozi itikadi yake.

Lakini kada hana budi kutofautisha msaada na haki. Mtoaji wa msaada ndiye anayeamua dawa ipi itolewe, nani aandikishwe, lini mpango ufunguliwe na lini ufungwe. Taifa linalotegemea msaada haliwezi kupanga bajeti, kwa sababu halijui kama mwakani mlango utakuwa wazi. Isitoshe, dawa ya bure kwa maskini huweza kuwa ngao ya bei kubwa kwa wengine wote. Anayekupa samaki huku akilinda mto usivue hajakutoa katika njaa.

Mlango wa tatu: ununuzi

Je, baada ya hukumu ya mwaka 2013 mgonjwa maskini wa India alipata dawa? Hapa historia inatukataza kushangilia haraka. Katika mwaka wa 2013/14 zaidi ya asilimia 60 ya gharama zote za afya nchini India zililipwa na wananchi moja kwa moja kutoka mifukoni. Rupia 8,000 kwa mwezi ni ndogo mbele ya 120,000, lakini kwa kibarua wa shambani ni mlima. India ilishinda kwenye mlango wa pili, na kwenye mlango wa tatu ikamwacha mgonjwa asimame na mkoba wake. Miaka iliyofuata serikali iliongeza fungu la umma na kuanzisha bima ya maskini mwaka 2018, na sehemu inayolipwa mifukoni imepungua. Lakini somo limebaki: bei nafuu bila mnunuzi wa umma ni nafuu kwa mwenye nacho.

Uingereza inatupa somo la upande wa pili. Tangu tarehe 5 Julai 1948 nchi hiyo ina huduma ya afya ya taifa inayolipiwa na kodi, na ilipatikana kwa mapambano ya wafanyakazi wake. Mwaka 1999 iliundwa taasisi iitwayo NICE, kazi yake ikiwa kupima kama faida ya dawa mpya inalingana na bei inayodaiwa. Chombo hicho kikisema hapana, kampuni hulazimika kushusha bei au kukosa soko. Ni kazi isiyopendeza, maana kila "hapana" ina mgonjwa nyuma yake. Magazeti na wanasiasa walipiga kelele, na serikali iliyoingia mwaka 2010 ikaunda mfuko maalumu wa dawa za saratani. Kuanzia Aprili 2011 mfuko huo ulitengewa paundi milioni 200 kwa mwaka ili kulipia dawa ambazo NICE ilizikataa au haijazipima.

Matokeo yalikuwaje? Hadi Machi 2016 zilikuwa zimetumika paundi bilioni 1.27. Fungu la mwaka lilivukwa, dawa kadhaa zikaondolewa kwenye orodha, na wakaguzi wa hesabu za serikali wakasema hakuna takwimu za kutosha kuonyesha wagonjwa walifaidikaje. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia matumizi 47 ya dawa yaliyolipiwa na mfuko huo. Ni 18 tu, asilimia 38, yaliyokuwa na ushahidi wa kurefusha maisha, na kwa kawaida urefu wenyewe ulikuwa kama miezi mitatu. Mwaka 2016 mfuko ulibadilishwa: sasa NICE huamua nini kiingie, kwa muda maalumu, na ushahidi hukusanywa wakati dawa ikitumika.

Fedha zile zilitoka kwenye kodi ya umma, na kila paundi iliyolipia dawa isiyosaidia iliondolewa kwa muuguzi au kwa kipimo cha mapema. Hivyo mnunuzi wa umma asiyepima anakuwa ng'ombe wa maziwa wa makampuni. Huruma bila hesabu humtajirisha muuzaji.

Sisi tumesimama wapi?

Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa ukoloni ilikuwa hospitali ya Wazungu. Kwamba leo mkulima wa Kigoma anatibiwa saratani katika majengo yale yale ni tunda la Uhuru na la siasa iliyotangazwa Arusha mwaka 1967. Mwaka 1977 tulipiga marufuku hospitali za kutafuta faida. Mwaka 1991 tuliziruhusu tena, na mwaka 1993 tukaanza uchangiaji wa huduma. Mwaka huo huo wa 1993 tuliunda Bohari ya Dawa, na sheria ya mwaka 1996 ikaifanya Ocean Road kuwa taasisi ya saratani. Sera yetu inawaweka wagonjwa wa saratani katika kundi la msamaha wa malipo. Ni sera nzuri. Lakini msamaha wa malipo mbele ya stoo tupu ni karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayoizaa ile karatasi ya michango.

Tukipima kwa milango yetu mitatu, hali ni hii. Kwenye mlango wa pili tunayo nafasi ambayo hata India hawanayo. Mkataba wa biashara duniani unaziruhusu nchi zenye maendeleo duni zaidi, na Tanzania ni mojawapo, zisitoe wala kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Lakini ruhusa hiyo haijitekelezi yenyewe. Hutumika kwa kadiri sheria ya nchi inavyoikumbatia, na hukoma siku nchi inapotoka katika kundi hilo. Nafasi ni ya wakati, na wakati unakwenda. Tujikosoe pia: tulijenga viwanda vya umma vya dawa Keko na Arusha, tukaviacha vichakae, na katika miaka ya 1990 tukavibinafsisha. India ilifanya kiwanda cha umma kuwa shule ya mafundi. Sisi tulikifanya zaidi kuwa mahali pa ajira. Ndiyo maana leo tunategemea meli, nyingi zikitoka India hiyo hiyo.

Kwenye mlango wa tatu tunacho chombo. Nchi za SADC ziliichagua Bohari yetu iratibu ununuzi wa pamoja, na mnunuzi wa nchi kumi na zaidi hasikilizwi kama mnunuzi wa wilaya moja. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Shirika la Afya Duniani liliingiza imatinibu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Basi swali la kisiasa si kama tuwe na bima, bali ndani ya kitita cha mwanachama maskini ziwemo dawa gani za saratani, zilizopimwa kwa ushahidi gani, na zilizonunuliwa kwa bei ya nani. Tena dawa hii haiwezi kutolewa bila kipimo cha damu kinachoitambua kromosomu ile fupi. Kwa hiyo anayepanga bajeti ya dawa na kusahau maabara amenunua jembe bila mpini.

Kazi za kada

Kutokana na historia hii tunaona wajibu wa aina tatu. Kwanza, kujifunza. Kada asiyejua tofauti ya bei na thamani, au ya hataza na ujuzi, atadanganywa na muuzaji na na mfadhili kwa pamoja. Pili, kuuliza mahali panapostahili. Diwani, mbunge na mjumbe wa Halmashauri ya Chama waulize katika vikao vyao: dawa zipi za saratani ziliombwa mwaka huu, zipi zililetwa, zilikaa muda gani bila kuwepo, na zilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Haya si maswali ya wataalamu peke yao. Fedha ni za umma. Tatu, kusema ukweli kwa wananchi. Si kila dawa mpya ni bora kwa sababu ni mpya, na taifa letu halitaweza kununua zote. Lakini ile ambayo ushahidi unaonyesha inamrudisha mgonjwa kazini na kwa watoto wake, na ambayo inatengenezwa kwa bei ndogo, haina sababu ya kutafutwa kwa karatasi ya michango.

Wahindi hawakupewa sheria yao na mtu. Walichukua miaka 23 tangu uhuru hadi kuitunga, na wengine 43 hadi kuilinda mbele ya majaji. Sisi mkataba umetupa hadi mwaka 2033. Tuhesabu miaka iliyobaki, na tuitumie.